Bi Zaida Aliyekataa Kutoka Edani

Wasikilizaji wapendwa, mwenye chungu motoni apunguze kuni, aje akae. Leo tunamkumbuka Zaida Mshamu wa Quionga. Bi Zaida wa mafuta ya nazi. Kama umewahi kununua mafuta Quionga, yale yanayonukia mpaka unatamani kuyanywa, basi umeonja jasho lake.

Bi Zaida amefariki. Alikuwa mjane, yuko edani. Alikuwa na pumu. Akashikwa na gripe. Narudia, maana habari yote iko hapo: alikuwa edani, ana pumu, akashikwa na gripe. Si malaria. Ni gripe ile wanayoiita gripe suína, mafua ya nguruwe.

Najua kuna mtu hapo ameshakunja uso. Nguruwe? Kwa Bi Zaida? Subiri, tutafika.

Kwanza mjue mwenyewe. Bi Zaida alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi tangu asubuhi, na mdomo haulali. Nazi inakunwa, na watu wanakunwa. Mteja akibembeleza bei mpaka anachosha, anamwambia, "Chukua bure, bwana. Ila ukajipakie chumbani, ukitoka nje unang'aa watu watauliza umeoga na mali ya nani." Mteja anacheka, analipa. Kicheko cha Bi Zaida ulikisikia kabla hujamwona. Mara nyingine kicheko kinamgeukia, kifua kinabana, anafungua pindo la kapulana, leso aliyojifunga, na kutoa bomba lake la pumu. Anavuta. Anatulia. Anamalizia palepale alipoishia, na wewe ndiye unayesemwa.

Mumewe aliitwa Nurdine. Alianguka shambani akipalilia muhogo, hakuinuka. Ndipo Bi Zaida akaingia eda.

Sasa hapa anaingia Bi Mwanvua. Bi Mwanvua ni dada yake marehemu Nurdine, yaani wifi yake Bi Zaida. Ndiye aliyemlea Nurdine mama yao alipokufa. Mazishi yalipokwisha alibeba mkeka wake, akahamia kwa wifi yake, akaweka kiti mlangoni. Anayetaka kumpa mjane pole anapita kwake. Mwanamume asiye wa ndani anaishia uani. Mjane hajipaki wanja, hajitii manukato, hatoki. Bi Mwanvua mwenyewe ametuambia: "Kaka yangu alikuwa mmoja. Sikuwa na kingine cha kumpa. Nikasema nitamlindia eda yake, asije mtu akatia neno."

Tusimcheke. Alifanya kwa mapenzi.

Watu walikuja kutoa pole, wengine kutoka Mtwara, wengine Palma. Mnajua sisi na msiba. Tunabanana mkeka mmoja, tunashikana mikono, tunabusu mikono, maji tunachota kwa kata moja wote. Akaja Rama, mpwa wa marehemu, ametoka Palma anakohoa. Anakohoa, anaziba mdomo kwa kiganja, kiganja hichohicho anampa Bi Zaida mkono. Akakaa karibu, akalia naye, akaenda zake. Rama hana kosa, pá. Nani aliwahi kumwambia kwamba kwenye mkono ule kuna kitu?

Siku chache zikapita. Asubuhi Bi Zaida anamtania wifi yake, anamwambia anakoroma kama mashine ya kusaga. Alasiri yuko chini ya blanketi mbili anatetemeka. Ghafla hivyo. Gripe hii haibishi hodi. Homa kali. Kichwa kinagonga. Koo linawasha, kikohozi kikavu, na mwili mzima unauma utadhani umetwangwa kinuni. Wengine hutapika, wengine tumbo linaharisha. Yeye alitapika.

Bi Mwanvua akasema malaria. Wakanunua vidonge dukani, akanywa. Hakupimwa. Wasikilizaji wapendwa, nasema wazi: homa hizi zinafanana. Malaria inaanza hivyo, gripe inaanza hivyo. Anayejua tofauti ni kipimo. Jirani hajui. Muuza duka hajui. Mimi sijui.

Bi Zaida ana binti mmoja, Wahida. Wahida ni mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Alipokwenda kliniki yake alisikia wanawake wakizungumza habari ya hii gripe suína. Akarudi, akamwambia mamake, "Mama, twende centro, hospitali. Una pumu, wewe."

Bi Zaida akajibu, "Nitoke na eda? Baba yako alinifuata miaka mitatu mpaka nikamkubali. Mimi nishindwe kumkalia hii miezi yake?"

"Lakini wanasema kuna gripe ya nguruwe, Mama."

Bi Mwanvua akadakia pale mlangoni. "Ya nini? Ya nguruwe? Nyumba hii? Tangu babu yako hajapita nguruwe hata uani. Mwanangu, nenda kalale, mimba inakusumbua."

Wakacheka wote. Mgonjwa naye alicheka, akakohoa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa hiyo nisikilizeni. Gripe hii haiulizi umekula nini. Ilipewa jina la nguruwe kwa sababu kirusi chake kinatokana na virusi vya nguruwe. Sasa hivi inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mkono. Shehe anaipata. Mtoto anayenyonya anaipata. Ukiumwa nayo hujachafuka, hujala haramu. Umeumwa, basi. Usijifiche.

Basi homa ikashuka. Bi Zaida akaamka, akaomba uji, akauliza nani anakuna nazi zake. Bi Mwanvua akafurahi. "Mnaona? Mlitaka kumtembeza barabarani bure."

Kesho yake homa ikarudi, na kikohozi kikarudi kibaya zaidi. Shikeni hilo. Mgonjwa wa gripe akipata nafuu, halafu homa na kikohozi vikirudi kwa nguvu, hiyo ni hatari. Si kwamba vidonge havikutosha. Ni hospitali, hapohapo.

Bi Mwanvua alikaa naye. Anasema kilichomtisha si kikohozi. Kilichomtisha ni kwamba wifi yake alinyamaza. Bi Zaida, yule yule wa maneno. Anasema maneno mawili, anapumzika. Anataka kumtania, utani unakatika njiani. Bomba la pumu amevuta, halisaidii. Chini ya koo panabonyea kila akivuta hewa. Wahida analia, "Shangazi, tumpeleke." Shangazi anasema, "Watasema nini upande wa kwetu? Mjane wa Nurdine kaonekana barabarani?" Na mgonjwa mwenyewe, macho yamefumba, anatikisa kichwa. Hatoki.

Kisha Bi Mwanvua akafungua dirisha mwanga uingie. Akaona midomo ya wifi yake. Imekuwa na rangi ya kijivu, inaelekea buluu.

Akainuka kwenye kile kiti. Hakukimbilia gari, wasikilizaji wapendwa. Alikimbilia kwa Mwalimu Mussagy kwenda kuomba ruhusa. Mwalimu Mussagy anasomesha watoto Kurani chuoni pale pale mtaani, unamsikia ukiwa uani. Akamkuta na watoto.

"Mwalimu, wifi yangu yuko edani, anashindwa kupumua. Tunaweza kumtoa?"

Mwalimu akasimama. "Anashindwa kupumua tangu lini?"

"Tangu jana. Kuumwa anaumwa siku nyingi."

"Na mmekaa naye ndani?"

"Si yuko eda, Mwalimu."

"Bi Mwanvua, mwenye eda akiumwa anakwenda hospitali. Hiyo ni dharura, haina mjadala. Nani aliwaambia asitoke?"

Hakuna aliyewaambia. Kila mtu alikuwa anajua, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Mwalimu akawaacha watoto na misahafu yao, akaenda mwenyewe kutafuta gari, huku anasema, "Mbona hamkuniuliza? Mimi si nipo hapa? Mbona hamkuniuliza?"

Bi Mwanvua anasema neno hilo bado analisikia anapokuna nazi.

Walimfikisha Palma. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano, wakamtia kitu puani kuchukua kipimo kipelekwe mbali. Mapafu yalikuwa yameshajaa. Enfermeiro Milton, muuguzi kijana aliyekuwa zamu, alifanya alichoweza. Ila alimwona Wahida na tumbo lake amesimama pembeni, akamwita. Akamwambia hivi, na nyie mlio na mimba mnaonisikia hayo ni yenu: "Dona Wahida, wewe usisubiri. Mjamzito akipata homa na kikohozi anakuja siku ileile. Dawa ya gripe inafanya kazi vizuri ikianza mapema, siku ya kwanza, ya pili. Ukikaa wiki nyumbani, tunahangaika."

Wenye mimba hawasubiri. Wenye pumu, kisukari, moyo, wanaoishi na VVU, wazee, watoto wadogo, hawasubiri. Mtu yeyote anayepumua kwa shida, kifua kinauma, anachanganyikiwa, au anatapika bila kukoma, hasubiri. Mtoto anayepumua mbiombio, anayekataa ziwa, asiyekojoa, hasubiri. Wewe mwingine mwenye nguvu zako, homa ndogo na makamasi, kapimwe malaria, kisha pumzika, kunywa maji, kaa mbali na watu, kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono kwa sabuni. Na usitembee kwenye misiba ya watu.

Bi Zaida alifariki hospitali. Kabla ya hapo aliamka kidogo, akamshika wifi yake mkono. Alisema neno moja tu, "Nimetoka." Bi Mwanvua akamwambia, "Mwalimu karuhusu, wifi yangu. Karuhusu." Anasema alionekana kuridhika.

Wakamzika Quionga, karibu na Nurdine.

Msiba ukarudi nyumba ileile. Mikeka ileile, watu walewale. Hitma haijasomwa. Wanawake wamejaa ndani, Wahida kaegemea ukuta katikati yao. Akakohoa. Mara moja, mara ya pili. Bi Mwanvua alikuwa anagawa kahawa. Akaweka birika chini, akavuka miguu ya watu, akamshika Wahida shingoni. Shingo inachoma.

"Inuka."

"Shangazi, mama bado hajasomewa."

"Inuka, mwanangu."

Bibi mmoja akasema, "Mwanvua, kaburi bichi, unamtoa mtoto msibani kwa mamake? Watu watasemaje?"

Bi Mwanvua akamfunga Wahida kapulana mdomoni, akamshika kiuno. Kutoka mlangoni, pale pale alipokuwa akiweka kiti, akageuka. "Waseme. Mimi nimeshazika."

Wakatoka mbele ya watu wote, mchana kweupe. Huko Palma, Wahida akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa ya gripe siku ileile. Majibu ya Bi Zaida yalikuja baadaye: ni ile ile gripe. Wahida sasa amepona, na mtoto tumboni anacheza. Nilipowatembelea alikuwa anakuna nazi. Hajui kutukana wateja kama mamake, lakini anajifunza.

Kwa Bi Mwanvua, kwa Wahida, kwa Rama ambaye nasikia hajarudi Quionga kwa aibu, na kwa ukoo wote wa Mshamu: poleni. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Zaida na mumewe, awakutanishe pema. Rama, kaka, rudi nyumbani. Bi Mwanvua anakuulizia.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa. Huko mtaani kwako kuna mtu yuko ndani leo. Mjane, mzazi aliyejifungua, mzee ambaye hataki kusumbua. Mmesema amepumzika. Redio hii itakusubiri, haina miguu. Nenda kasimame mlangoni kwake, usikilize anavyopumua.