Nahodha wa Kizikos na Neno la Kumbaro Wake

Wasikilizaji wapendwa, Prodromos Hatzisavas amefariki. Nahodha wa Kizikos amefariki. Tumemzika juzi hapa Thesaloniki, na kanisa lilifurika mpaka watu wakasimama barabarani. Wengi wao hawakuwa wamemsalimia kwa miaka. Kwa hiyo mnisamehe, kumbukumbu ya leo ni chungu, na sitaitia sukari.

Kizikos ni klabu ya wakimbizi. Babu zetu walifukuzwa kutoka ng'ambo ya bahari, wakaja na mabunda yao, wakaipa klabu jina la mji waliouacha. Uwanja wa kwanza wa mpira wa kikapu ulikuwa saruji tupu nyuma ya kanisa. Prodromos alijifunzia pale kudundisha mpira, na kila wiki alirudi nyumbani goti liko nje. Mama yake alimwambia, "We endelea tu kutoboa suruali. Iko siku utacheza uchi."

Hakucheza uchi. Alicheza na jezi ya zambarau ya Kizikos maisha yake yote. Timu kubwa za Athene zilimtaka, akakataa. Klabu ikapanda daraja, ikawafunga wakubwa, ikatwaa ubingwa. Narudia kwa vijana wasioamini: klabu ya mtaa huu ilikuwa bingwa wa Ugiriki. Siku ya fainali timu zilikuwa sare, muda umekwisha, na Prodromos amepewa mitupo huru miwili. Akafanya ishara ya msalaba. Wa kwanza ukagonga chuma ukatoka. Wa pili ukaingia. Mkewe, Sultana, anasema hakuona kitu, alikuwa amejifunika uso kwa skafu. "Nilisikia tu kuta zinatetemeka. Nikajua tumeshinda, au jengo limeanguka."

Mwenyekiti wa klabu alikuwa Iordanis Vafiadis. Iordanis alikuwa pia kumbaro wa Prodromos: ndiye aliyewavika mataji yeye na Sultana kanisani siku ya harusi, na ndiye aliyemsimamia binti yao, Anthula, kwenye ubatizo. Na kwetu kumbaro ni zaidi ya ndugu. Haandikishwi karatasi. Ukimwomba karatasi, umemtukana.

Prodromos alipokwisha kustaafu, klabu ikaanza kuyumba. Jumapili moja Iordanis alikuja nyumbani, akala dolma za Sultana, akasema kuna tajiri wa Athene anayetaka kuungana na Kizikos. Tajiri angepata nafasi ya klabu kwenye ligi, lakini jina lingebaki, na timu ingebaki hapahapa. "Mimi wanachama hawanisikilizi, kumbaro," alisema. "Wewe watakusikiliza." Sultana akauliza kama hayo yameandikwa popote. Prodromos akamkata jicho.

Kwenye mkutano wa wanachama alisimama mbele yao wote. "Kumbaro wangu amenipa neno lake. Jina halitoki. Dhamana ni mimi." Akainua mkono, na mikono yote ikainuka nyuma yake.

Kiangazi hakijaisha, jina likatoka. Timu ikahamia Athene, jezi zikageuka rangi, Iordanis akapata kiti kwenye uongozi mpya. Simu ya kumbaro ikawa haipokewi. Prodromos alipanda treni kumfuata, akangojeshwa mapokezini siku nzima, akarudi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema.

Mtaa ukatafuta wa kumlaumu. Iordanis alikuwa mbali, Prodromos alikuwa karibu. Akiingia mkahawani, waliokuwa wakicheza bao la tavli walimgeuzia mgongo. Mmoja alimuuliza bila kuinua macho kwenye kete, "Umetuuza bei gani, nahodha?" Sultana alimsihi awaambie watu kwamba alidanganywa kama wao. Hakukubali. "Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu," alisema. "Sasa nikakae mkahawani kumsema kumbaro?"

Tarehe saba Januari ni sikukuu ya mtakatifu wa jina la kina Prodromos. Na mnajua wenyewe, siku ya jina haina mwaliko. Mlango unaachwa wazi, mtu anaingia na boksi la keki, anakutakia miaka mingi. Enzi za ubingwa, foleni ya wageni ilishuka mpaka ngazini. Januari ile Sultana alipika kama kawaida, Prodromos akavaa koti lake zuri, wakakaa. Hakuja mtu. Jirani wa ghorofa ya juu alipita, akaiona meza, akapanda zake. Anthula aliomba wafunge mlango, baridi ilikuwa inaingia. "Uache, mwanangu," baba yake alimwambia. "Watakuja wakichoka kununa."

Hawakuchoka. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na uliofuata tena vilevile. Meza ilitandikwa kila Januari, mpaka moyo wake uliposimama wiki iliyopita.

Juzi ndipo walipokuja. Walikuja na bendera za zambarau walizokuwa wameficha makabatini. Iordanis alituma shada la maua, Sultana akaamuru liwekwe nje ya geti la makaburi. Baada ya mazishi tulikunywa kahawa na konyaki kama ilivyo desturi. Mzee Agapios, aliyekuwa kiongozi wa mashabiki, akaushika mkono wa mjane. Akasema anazungumza kwa niaba ya mtaa mzima: nahodha wamemsamehe.

Sultana akautoa mkono wake. "Leo, Agapios? Mlango ulikuwa wazi." Kisha akamwondolea kikombe mkononi, hata kahawa hajaimaliza.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Sultana, kwa Anthula na kwa ukoo wote wa Hatzisavas. Tunajua pole hii imechelewa. Tafakarini na wenzenu mezani jioni ya leo. Mtu mmoja alidanganywa pamoja nasi, tukamfanya yeye ndiye mwongo, kwa sababu tu alikuwa jirani. Prodromos hahitaji tena msamaha wetu. Sisi ndio tunaouhitaji wake, na wa kutusamehe hayupo.