Nyimbo Mbili za Jumamosi

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na kila alasiri hukaliwa na watu walewale. Leo katikati ya vikombe vya kahawa imewekwa mashine ya kuchezea muziki, na mwenye nayo ameshika tama. Wanamwita Didjei, ingawa alistaafu zamani. Jumamosi mchana ukumbi wao wa ujanani unafunguliwa mara ya mwisho, Jumatatu unabomolewa. Naye amemwahidi mjane wa mwenzake, marehemu Mluzi, kuzipiga zile nyimbo mbili za transi, muziki wa disko wa vinanda vya umeme, walizokuwa wakiziunganisha mpaka ukumbi mzima unainua mikono. Zimebaki siku mbili, na nyimbo zenyewe tangu asubuhi zinagombana.

— Sikilizeni tena, akasema Didjei, akabonyeza.

Ngoma zilikwenda sawia, lakini vinanda vilikwaruzana mpaka Kinyozi akakunja uso.

— Zima, kaka! Mteja wangu atanikimbia na nusu ndevu.

— Mwendo uko sawa lakini! Wa kwanza una mapigo mia na arobaini kwa dakika. Wa pili ulikuwa na mia thelathini na mbili, nimeukaza ukafika mia na arobaini. Hakuna pigo linalochelewa.

— Basi zimechacha, akasema Soli, fundi viatu, bila kuinua macho kwenye sindano yake. Miaka ishirini kabatini, unategemea nini?

— Muziki si maziwa, Soli.

— Mimi nasema ni umeme, akadakia Kinyozi. Umeme wa siku zile ulikuwa mzito. Huu wa sasa wameuchuja mno.

— Na jasho je? akauliza Soli. Watu mia tatu wanarukaruka, mvuke unapanda, vinanda vinalainika. Tuinyunyizie hiyo mashine maji ya moto kidogo.

— Thubutu! Ni ya binti yangu.

Wakaangua kicheko. Didjei hakucheka. Enzi zile yeye alihesabu mapigo, Mluzi akatega sikio kwenye spika, akaupigia mluzi wimbo unaokwisha, kisha akachomoa santuri ya kufuata. Didjei hakuwahi kumwuliza anachaguaje. Alidhani muda upo.

Ndipo akatokea mjane mwenyewe, mfuko begani.

— Hamjambo, shemeji zangu. Soli, nimefuata viatu vyangu vya Jumamosi.

— Hatujambo, shemeji. Viko tayari.

Didjei alitamani kuificha mashine, lakini mama wa watu alikwisha kusikia. Akasimama, kichwa upande.

— Nikuulize, shemeji. Zamani ukikaza mwendo wa santuri, marehemu alikuwa anapandisha na sauti ya mluzi wake. Alisema wimbo ukikimbia, sauti nayo inapanda ngazi. Hii mashine yako inapandisha sauti?

Soli akachungulia chupa ya kahawa kana kwamba jibu limo humo.

Didjei akainamia mashine. Kitufe kimoja chenye picha ya kufuli kilikuwa kinawaka. Binti yake alimweleza kuwa kinaizuia sauti isipande hata mwendo ukikazwa, naye akakiona ni neema. Kumbe ile ngazi moja ya kupanda ndiyo iliyokuwa ikiukutanisha wimbo wa pili na wa kwanza, na Mluzi alilijua hilo kwa mluzi wake tu.

Akakizima.

Nyimbo zikaingiana kama zimerekodiwa siku moja. Sindano ya Soli ikasimama. Mjane alifumba macho, mguu ukigonga chini taratibu. Didjei alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, wala hakujisumbua kuyafuta. Vinanda vikapanda, vikafika kileleni, mahali ambapo Mluzi alikuwa akimgusa bega.

— Hapo, akasema mjane, macho bado amefumba. Hapo ndipo alipokuwa anapiga mluzi. Jumamosi atapiga nani?

Wakatazamana. Kinyozi akakunja midomo, akajaribu. Ikatoka hewa tupu.