Bi. Khairunisa na Mizani Iliyosoma Sifuri

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika Karakana ya Mizani hapa Tuwan, Kitale, Bi. Khairunisa Naim anastaafu rasmi Jumamosi tarehe 19 Desemba 2009. Baadhi yetu tulikuwa bado tunafutwa kamasi alipoanza kazi hapa, na hatujui Jumatatu tutamsumbua nani.

Aliingia mwaka 1986 akijua kutengeneza redio, ufundi aliofunzwa na marehemu baba yake kwenye duka lao dogo karibu na msikiti. Wakati huo mizani zetu zilikuwa za springi na mawe. Zilipokuja za umeme, wengi walisema ni mambo ya Nairobi. Yeye alinunua vitabu, akajifundisha kuandika programu za chipu, na kufikia 2001 alikuwa mkuu wa programu. Kuanzia Endebess hadi Bungoma, ukipimiwa mahindi au maziwa kwa mizani yetu, umepimiwa na mkono wake.

Ana vituko pia, tusimfanye malaika. Ametupigia marufuku kula mandazi karibu na kompyuta, ilhali droo yake haikosi mahindi ya kuchoma. Vijana wakimsalimu ati niaje mathe, huwajibu kwamba mathe wao yuko nyumbani na anangoja wamsaidie kuchota maji. Akikasirikia chipu huigombeza kwa sauti, na kusema kweli nyingine hutii.

Lakini nikiulizwa yeye ni nani, nitasimulia ya Endebess mwaka 2005, kwa maana nilikuwepo, nimebeba sanduku la vifaa.

Tulikuwa tumepeleka mizani mpya, yenye chipu mpya, kwenye kituo cha maziwa. Karani wa pale ni Wakonyo, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri. Mkulima akifika, Wakonyo huandika jina lake moja, huweka mkebe, na mizani huonyesha kilo. Wiki hiyo hiyo ya kwanza matata yakaanza. Maziwa ya Gicheru, mwenye asili ya Nyeri kama Wakonyo, yalisoma vizuri. Ya Gichuki, wa huko huko, vizuri. Ya Chepkemei, mkebe umejaa pomoni, sifuri! Watu wakaangaliana. Mnajua huku kwetu jina la mtu husomwa mara mbili, jina na kabila. Maneno yakaenea kwamba Wakonyo anawapimia watu wake tu na wengine anawanyonya. Tulipofika, lango lilikuwa limejaa watu wenye hasira na fimbo za ng'ombe, na Wakonyo amejifungia ndani akilia. Walitaka afukuzwe siku hiyo, na wengine walitaka zaidi ya hapo.

Bi. Khairunisa alipenya katikati ya umati huku akiwaamkia mmoja mmoja. Alimfungulisha Wakonyo mlango, akaweka mkebe mmoja juu ya mizani, akasema hautaondolewa mpaka aelewe. Akaandika Gicheru, kilo zikatoka. Akaandika Chepkemei, sifuri. Kisha akamwita fundi wa baiskeli aliyekuwa akichungulia, asiye hata na mbuzi, akamwuliza jina. Anaitwa Mbugua, jina la Nyeri vilevile. Akaliandika: sifuri. Akamwita muuza mandazi wa pale nje, Chemtai, mzaliwa wa mlimani Elgon kama Chepkemei. Kilo zikatoka! Kuna aliyecheka, akasema ati basi hii mashine imepoteza kabila.

Bi. Khairunisa hakucheka. Nilimwona akihesabu herufi kwa vidole, kisha akaketi juu ya mkebe mtupu kama mtu aliyepokea habari mbaya. Programu ile ilikuwa yake.

Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa vipande vidogo viitwavyo baiti, na kila herufi huchukua kimoja. Chipu mpya ilisoma namba kwa mafungu ya baiti nne nne, kama mtu anayebeba maziwa kwa kreti nzima. Uzito ulihifadhiwa nyuma ya jina. Jina la herufi saba, pamoja na baiti moja ya kuonyesha urefu wake, lilijaza mafungu mawili barabara, na uzito ukaanza mwanzo wa fungu. Jina la herufi sita kama Mbugua, au tisa kama Chepkemei, liliusukuma uzito ukaanzia katikati. Chipu ya zamani ilikuwa na subira, ikichukua nusu huku na nusu kule na kuziunganisha. Mpya ilizoa fungu lililokuwa mbele yake, ikapata namba isiyo na kichwa wala miguu, na programu ikaona ni upuzi ikaandika sifuri.

Meneja wetu wa wakati huo alipopigiwa simu, alishauri tuseme ni betri, turekebishe kimya kimya. Betri ingeiokoa karakana. Wakonyo isingemwokoa, maana nani angeamini betri inayochagua majina?

Basi Bi. Khairunisa alisimama langoni akawaambia watu wote kwamba kosa ni lake, kwamba aliandika programu bila kuijua vizuri chipu mpya, na kwamba binti huyu hakuiba hata tone. Akamwomba Wakonyo radhi mbele yao. Wallahi, sijaona ujasiri kama ule. Alirekebisha pale pale, programu ikawa inasoma baiti moja moja na kuziunganisha yenyewe, na Chepkemei akapimiwa wa kwanza. Kisha akazunguka Kimilili na Bungoma kurekebisha kila mizani ya aina ile kabla haijamgombanisha mtu na jirani yake.

Meneja alimvua ukuu kwa ajili hiyo, na haikuwa haki. Alikaa miaka miwili akifanya kazi chini ya watu aliowafundisha, bila kununa, mpaka uongozi mpya ukamrudishia cheo.

Wageni wameuliza kwa nini sherehe inaanza saa nane mchana, ilhali desturi yetu ni saa nne asubuhi. Mgeni wa heshima tuliyemwalika amkabidhi zawadi ni Wakonyo. Tulimwomba aachie mtu mwingine zamu ya asubuhi, naye alikuwa tayari, lakini wakulima wa Endebess wamekataa katakata. Wamesema hawapimiwi na mwingine, na Chepkemei ndiye aliyetuletea ujumbe huo.

Kwa hivyo tutangoja. Asante, Mama Khairunisa, kwa niaba yetu na ya nyumba ya Wakonyo. Nenda ukapumzike, Mungu akujalie afya, amani na siku nyingi za kufurahia wajukuu.