Audax, Aliyekuwa Akijifunza Kukaa Kulia

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, iweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka Audax wa Butihinda, mkoani Muyinga. Alifariki kwenye barabara ya Makebuko akiwa bado mwanafunzi wa pikipiki. Narudia: bado mwanafunzi. Dada yake, Emerensiana, ameomba neno hilo tusiliruke.

Audax alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Mama yao alifia huko, na Emerensiana, naye msichana tu, ndiye aliyemlea. Alimwogesha, alimlisha, alimshika mkono kwenda shule. Wakifika penye magari alimwambia neno moja: kushoto. "Alikuwa mtoto msikivu," anasema dada. "Nikisema kushoto, haulizi."

Huko huko Audax akajifunza kuendesha, kwa kipikipiki cha jirani, bila cheti chochote. Amani ilipopatikana, nao wakarudi nyumbani. Na hapa nyumbani, mnajua wenyewe, tunapita kulia, si kushoto kama kule. Audax alitaka kubeba abiria Muyinga mjini kihalali, permi, yaani leseni, ikiwa mfukoni. Basi akaenda Gitega kuanza upya kwa mwalimu Rachid.

Alijifunza mpaka akachekesha watu. Yuko sokoni, kwa miguu, ananong'ona, "Kulia, kulia." Wauza ndizi wakampachika jina hilohilo. Wakimwona tu: "Kulia, karibu." Naye anaitika.

Mwalimu Rachid anamkumbuka hivi: "Uyu kijana alikuwa anajua moto, hii pikipiki, sana. Lakini mikono yake ilikuwa ingali Tanzania. Mi nilimwambia, we iko na permi ya muda tu, hapana beba mutu mpaka upite examen, ule mutihani. Mutu akikaa nyuma anaongea, kichwa inakuwa mbili."

Jumapili moja Emerensiana alifika Gitega. Alikuwa akienda Makebuko kusimamia ubatizo wa mtoto wa binamu yao, na magari yalikuwa yameshaondoka. Akamwambia Audax ampeleke. Audax akasema, "Dada, bado. Sijaruhusiwa kupakia mtu."

Emerensiana akacheka. Kicheko hicho ndicho kinachomtafuna mpaka leo. "Nilimwambia, umeendesha tangu hujaota ndevu, leo unaniletea habari za karatasi? Mimi nilikubeba mgongoni. Wewe kunibeba mara moja unaona taabu?"

Audax akapangusa kiti kwa mkono wa shati, akampakia.

Kwenye kona, kabla ya Makebuko, lori likatokea. Lilikuwa upande wake, halikuwa na kosa. Audax naye alikuwa upande wake, kulia. Emerensiana aliona lile lori kubwa, na hofu ikamrudisha kambini. Akapiga kelele nyuma ya sikio la mdogo wake: "Kushoto, Audax, kushoto!"

Audax akaenda kushoto.

Dada alirushwa kwenye majani, akavunjika mkono. Mdogo wake hakuamka tena. Msibani watu walimfariji, wakamwambia ni mipango ya Mungu. Yeye anakataa. "Mungu asisingiziwe," anasema. "Mikono yake ilishaanza kwenda kulia. Niliiona. Alikuwa ameshajifunza."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Emerensiana, kwa ndugu wote wa Butihinda na Makebuko, kwa mwalimu Rachid na kwa wauza ndizi wa Gitega, tunawapa pole nyingi. Audax apumzike kwa amani.

Na wewe unayetusikiliza, huenda kwako yuko mwanafunzi mwenye permi ya muda. Kesho utakuwa na haraka, utamwona na pikipiki yake, utamkumbusha mema uliyomtendea. Kabla hujapanda, mkumbuke Audax. Nilimuuliza Emerensiana anataka tumalizie na neno gani. Akaushika ule mkono uliovunjika. Kisha akasema:

"Alinisikia maisha yake yote, mpaka kwenye ile kona. Mimi alitaka nimsikie mara moja tu. Aliniambia, bado."