Pandam, Jina Nililoliita Peke Yangu

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mama yenu lilikuwa kuniagiza nigeuze mihogo iliyoanikwa juu ya paa la jiko, kwa sababu upande wa juu ulikuwa umekauka na wa chini bado. Nilipanda ngazi, nikageuza vipande vyote, na niliposhuka nikamkuta ameegemea nguzo ya baraza, kisu mkononi, muhogo umemenywa nusu, nikadhani amesinzia. Mmeniuliza mara tatu alisema nini mwisho, nami nimekuwa nikikwepa, kwa kuwa hakusema neno lolote la kuagana. Alisema, "Baba Pandam, usisahau ile ya pembeni." Basi.

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Wening, nyanyua mto huu kidogo. Nawe kaka yake, kaa hapa kitandani, usikae sakafuni kama mgeni wa Idi. Daktari ameongea na Wening kule koridoni akidhani sisikii. Masikio yangu ni mazima, moyo ndio umechoka. Yapo mambo ya mali, ni machache, na nitayamaliza upesi. Halafu lipo jambo la jina, na ndilo lililonifanya niwaite.

Nyumba hii ni ya Wening na mumewe, kwa sababu ndio walioishi humu na kuziba paa lake kila masika. Shamba la mitiki la upande wa kusini ni la kaka yake. Mkuu wa kijiji ameshaandika, nami nimetia sahihi mbele yake mkono ukiwa bado unatii. Ng'ombe aende kwa Mbah Sinem, yule bibi jirani yetu, ambaye wajukuu zake ndio wamemkatia majani tangu mama yenu aondoke. Vitabu vyangu vya elimu ya udongo vipelekeni shule yoyote itakayovitaka. Vingi mchwa wameshavisoma kabla ya wanafunzi. Msigombane kwa lolote kati ya hayo. Hakuna hata kimoja chenye thamani ya kuwanyima salamu.

Sasa jina. Wening, mwezi uliopita ulirudi kutoka kliniki ukasema mtoto ni wa kiume na utamwita Pandam, jina la kaka yako ambalo kaka yako halitumii. Ulicheka ukasema, "Baba, ulitangulia miaka arobaini. Siku hizi ndilo jina la kisasa. Kliniki peke yake wapo wawili, na mama wa mmoja amelitoa kwenye simu." Ulitazamia nifurahi. Mimi nikainuka nikaenda kusimama nyuma ya zizi, nawe ukamwambia mumeo kwamba namlilia mama yako. Nilikuwa namlilia, lakini si hilo tu.

Hebu niwaambie lilikotoka. Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kutoka kijiji hiki kwenda chuo kikuu Yogya, na kila mtu hapa Gunungkidul aliyeujua ukame wetu alijua maana yake. Mama yangu aliuza mihogo mikavu sokoni ili anunue mafuta ya taa nisomee, naye mwenyewe alikula gizani. Mama yenu alipokuwa na mimba ya kwanza nilikuwa mwaka wa mwisho, nikaenda maktaba kutafuta neno jingine kabisa katika kamusi ya Kijava cha zamani, nikakutana na hilo: pandam, taa, neno la washairi wa ikulu ambalo hakuna mkulima aliyelitamka. Nilifunga kamusi nikarudi kijijini siku hiyo hiyo. Nilitaka mwanangu awe shukrani yangu kwa mama yangu. Leo naona kwamba mtoto hawezi kuwa shukrani ya mtu, lakini wakati ule nilikuwa nakaribia shahada na sikuona.

Katibu wa kijiji aliniuliza mara mbili kama ni jina la mtu au la dawa. Mama yenu alisema, "Ni zuri, ila ni kama kumvisha kichanga koti la hakimu." Nikamweleza maana yake tena, taratibu, kana kwamba hakuelewa mara ya kwanza.

Ulipofika miaka mitatu, mwanangu, uliugua. Homa ilikuwa inapanda na kushuka, chakula hakikai, miguu imekuwa kama vijiti vya mwavuli. Nyanya yenu, Mbah Karso, mama wa mama yenu, akaja na kikapu chake akakaa palepale mlangoni akasema kile ambacho kila mtu hapa angesema: mtoto ameelemewa na jina. Lishushwe, apewe jepesi, upikwe uji mweupe na uji mwekundu wa sukari guru, nyumba saba zilishwe na kuambiwa jina jipya. Mimi nilikuwa nikipima udongo kwa serikali. Nikamwambia, "Mama, jina halina uzito. Halina hata gramu moja." Akanitazama akasema, "Basi libebe wewe wiki moja tuone." Watu waliokuwa barazani walicheka, na huo mcheko ndio ulionifanya nikaze shingo. Nikatangaza mbele yao kwamba katika nyumba yangu mtoto hatatibiwa kwa uji. Nilikupeleka kwa daktari wa wilaya, nikapata dawa ya minyoo na ya homa, nikamkabidhi mama yenu chupa zote na saa za kukupa, kisha nikaenda kazini Pacitan siku kumi na nne.

Niliporudi ulikuwa unakimbiza kuku. Nikaandika tarehe ya dawa na tarehe ya nafuu katika daftari langu, nikiwa nimeridhika sana.

Mnajua nyote wawili kilichofanyika siku hizo kumi na nne. Kijiji kizima kilijua. Uji ulipikwa, nyumba saba zikala, na kuanzia hapo mwanangu akawa Slamet, jina ambalo katika kila kitongoji hapa wamo watano, jina la mtu ambaye wazazi wake hawaombi chochote ila awe salama. Na kwa kuwa mimi nilikuwa Pak Hardana, bwana mwenye shahada, niliyekwisha kusema mbele za watu, hakuna aliyetaka kunitia aibu. Walinistahi. Nilipoingia dukani waliuliza, "Pandam hajambo?" Nilipotoka waliendelea, "Slamet amekuja kuchukua chumvi." Mwalimu alisoma jina moja kwenye orodha na kumwita kwa jingine uwanjani. Mama yenu aliniita Baba Pandam miaka arobaini bila kukosea hata mara moja, na kisimani wenzake walimwita Mama Slamet. Hakuna mahali pengine duniani ambapo watu mia tatu wangeweza kulibeba jambo hili kwa adabu namna hii, na hakuna mahali pengine ambapo adabu hiyo ingefanya madhara kiasi hiki.

Kisha ikaja kadi ya harusi. Miaka kumi na minane iliyopita, mwanangu, ulileta kadi imechapwa "Slamet", ukainyoosha kwa mikono miwili. Nilikuuliza nani huyu. Ukainamisha kichwa. Nikasema anayetupa jina amemtupa aliyempa, na sikwenda Magelang kukaa kwenye kiti cha baba wa bwana harusi. Kiti kilibaki kitupu, wameniambia, na mjomba wako alikataa kukikalia. Tangu hapo umekuja kila Idi, umepiga magoti, umegusa goti langu kwa paji la uso, umeomba radhi ya makosa yako yote, ukanywa chai, ukaondoka. Nami kila mwaka nilikuwa nasubiri uombe radhi ya kosa hilo moja kwa jina lake. Hukufanya hivyo. Nikakuita mkaidi mbele ya mama yako, naye alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho.

Siku ya arobaini ya mama yenu, watu walipokuja kusoma dua, imamu aliuliza majina ya watoto ili awataje. Mbah Sinem akasema kwa sauti, "Slamet na Wening." Mimi nikamsahihisha, "Pandam." Wageni wote wakatazama vikombe vyao. Ni mwanamke wa miaka themanini na sita, hana tena wa kumwogopa, akacheka kidogo kwa pua akasema, "Pak Hardana, mkeo ameshalala, sasa tupumzike sote. Uji ule niliula mimi mwenyewe. Sukari ilikuwa chache." Watu walipotawanyika nilimfuata hadi kwenye uzio wake nikamuuliza yaliyobaki. Akaniambia kwamba siku ya kadi ulitaka kunieleza, na mama yako akakukuta nyuma ya jiko akakushika miguu. "Alimpigia magoti mwanawe, Pak. Mzazi kwa mtoto. Mimi nilikuwa naokota kuni, nikageuza uso nisione." Alikuomba usimfichue, kwa sababu mume wake angejua kwamba kijiji kizima kilimfanya mjinga. Ukakubali. Ukavaa kosa lake miaka kumi na minane, ukaja kila Idi kuniomba radhi, ilhali mimi ndiye niliyepaswa kukuomba msamaha.

Simlaumu mama yenu, nanyi msimlaumu. Mtu hamfichi mwenzake jambo dogo kama uji isipokuwa mwenzake amekwisha kufunga mlango. Mlango niliufunga mimi.

Nipe maji, Wening. Kidogo tu. Hapo.

Wening, mwanao. Sikupi jina wala sikunyimi. Kama unalipenda Pandam, mpe, ni neno zuri, na kwa kuwa sasa wamo wengine halitamwelemea mmoja. Ila msilifanye kuwa la mtu mmoja. Mwite akiwa anakula, mwite akiwa anaoga, waache watoto wenzake walikatekate, na bibi wa sokoni waliharibu wapendavyo. Na akiugua, fanyeni yote mawili, daktari na uji. Uji haudhuru mtu.

Nizikeni kando ya mama yenu. Msiandike shahada yangu kwenye jiwe. Mjomba wenu aliyekataa kile kiti, mpelekeeni salamu zangu, mwambieni alifanya vyema. Msiiache baraza bila mtu jioni. Mungu awaongoze, awape riziki isiyo na dhuluma, awape... awape watoto wanaocheka mkiingia. Nimewaridhia nyote wawili. Nimewaridhia.

Limebaki moja, nalo ni la aibu. Kaa karibu, wewe kaka yake, pumzi ni fupi.

Usiku ule wa arobaini ulilala chumba cha mbele. Sikulala. Nilikuwa nimekwisha kujua kila kitu, na neno nililotaka kukwambia lilikuwa moja, lile jina la uji, nalo watu wote hulitamka bila kufikiri. Asubuhi iliyofuata nilikuja hadi mlangoni pako. Ulikuwa umelala ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi, nywele zimeanza kuwa nyeupe hapa juu ya sikio. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni kile kile cha siku zote. Nikasema, "Pandam." Ukaketi. Kabla hujafumbua macho, mwanangu, ulikuwa umeshaketi wima, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Nilisimama pale nikiutazama mgongo wako ulivyonyooka. Nikakwambia chai iko tayari, nikaenda jikoni, nikawasha moto, kwa sababu chai haikuwapo.