Bi Mwanaheri Anasemaje?

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Bi Mwanaheri Jabiri, msimamizi wa chumba cha darizi hapa Sindano Njema, Mikocheni, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Uongozi uliuliza ni nani anayemfahamu vizuri kuliko wote ili aandike wasifu huu, na vidole vyote vikaelekezwa kwa Adelard wa kompyuta, yaani mimi. Ni kweli namfahamu. Nimemwonea wivu kwa miaka kumi na sita, na mtu ukimwonea wivu huwa humwondoi machoni hata kwa dakika moja.

Bi Mwanaheri alianza kazi mwaka 1994, akitokea kwao Temeke, akidarizi kofia kwa mkono. Mashine za kompyuta zilipoletwa, wenzake watatu waliomba wahamishiwe kwenye kukata vitambaa. Yeye alivuta kiti, akavaa miwani na kuisoma mashine kama anavyosoma mtu barua ya mkwewe. Tangu hapo nembo za sweta za shule zilizotoka kiwandani hapa, zote zilipita mkononi mwake.

Ana utaratibu wake ambao kila mgeni huucheka wiki ya kwanza. Nembo mpya haiendi kwenye sweta mpaka idariziwe kwanza kwenye kipande cha kitambaa. Kipande hicho hukibandika kwenye daftari, na pembeni huandika kwa kalamu namba za rangi za nyuzi, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake. Kwa hesabu yangu madaftari yalifika tisa. Mimi nilikuwa nikisema wazi kwamba kazi hiyo ni ya bure, kwa kuwa kompyuta inakumbuka.

Tuje kwenye tuzo. Bi Mwanaheri amekuwa mfanyakazi bora wa Mei Mosi mara tisa. Katika miaka mitano kati ya hiyo, mshindi wa pili nilikuwa mimi. Mshindi wa kwanza hupewa friji, wa pili chupa ya chai. Mke wangu Rosalia ana chupa tano za chai pale Kimara, zote za rangi moja, na kila Mei huniuliza kwa upole kama safari hii nimeona hata dalili ya friji.

Sasa lile jambo la kompyuta, ambalo wengi wenu mlilisikia nusunusu. Kompyuta inayoendesha mashine kubwa ya darizi inatumia Windows 7, mfumo uliopitwa na wakati. Mwaka 2019 niliandika kurasa sita nikieleza kwa nini tupandishe mfumo uwe wa toleo jipya: programu mpya za usanifu zilikuwa zimeanza kuukataa, na wateja walikuwa wanatuletea mafaili ambayo sisi hatuwezi hata kuyafungua. Mkurugenzi wetu, Bwana Deogratias, alizisoma zote. Kisha akauliza swali lake la siku zote: Bi Mwanaheri anasemaje? Bi Mwanaheri akasema bado.

Niliumia, nakiri. Desemba ya mwaka huohuo alikwenda Lindi kwenye harusi ya mdogo wake kwa siku nne, nami nikaona mlango uko wazi. Nikapandisha mfumo bila kumwambia mtu, nikaweka programu mpya. Nembo zote zilifunguka vizuri, ila programu mpya haikusoma mpangilio wa rangi uliowekwa na ile ya zamani. Sikukagua. Sweta mia na arobaini za shule moja ya msingi zikatoka na mwenge wa bluu, na moto wake wa kijani.

Bi Mwanaheri aliporudi alizitazama, akanitazama, akafungua daftari namba saba. Tukarudisha mfumo wa zamani, na kwa siku mbili tukaingiza namba za nyuzi upya, yeye akisoma, mimi nikiandika. Mkurugenzi alipouliza kulikoni, alimjibu kwamba mashine ilikuwa inapumzishwa. Hakunitaja, si siku ile wala baadaye. Afadhali angenisema, maana kuanzia hapo nilikuwa namwonea wivu mpaka kwa ustaarabu wake.

Miaka ikaenda. Tukapoteza sare za hoteli moja kubwa kwa sababu kompyuta yetu haikuweza kufungua nembo yao, na kazi ikaenda kwa jirani. Kila mkutano nilisimama na kurasa zangu sita, na kila mkutano nikaambiwa bado. Nilishaamini kwamba mama huyu anataka kustaafu pamoja na Windows yake.

Mwezi Aprili mwaka huu aliingia mkutanoni na daftari la kumi, ambalo sikuwahi kuliona. Kumbe kwa miaka miwili, kila Ijumaa akitoka kuswali, alikuwa anakaa na kompyuta mpya ya stoo na kuijaribu nembo moja moja kwenye mfumo mpya. Nembo mia sita na kumi na mbili. Kumi na moja zilikataa, na zote alikuwa ameshazichora upya. Akasema sasa twende. Mkurugenzi akakubali kabla chai haijapoa.

Nilipiga makofi huku roho inaniuma. Jambo nililolililia miaka sita, yeye kalipata kwa neno moja. Ndipo akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, na pale zilikuwa zimebanwa kurasa zangu sita za 2019, zimechakaa kwa kufunuliwa. Akasema, “Wazo ni la Adelard. Mie nilikuwa nahakikisha tu.” Wivu wangu ukakosa pa kushika.

Kazi yenyewe ya kupandisha mfumo aliipangia Jumanne tarehe 1 Julai, siku moja baada ya kuondoka. Mkurugenzi alishangaa, kwa nini isifanyike akiwepo? Akajibu, “Nikiwepo mtaniuliza mie.”

Wiki iliyopita Bwana Deogratias alinisimamisha koridoni. Alitaka kujua kama tuanze na mashine kubwa au ile ndogo, akaniuliza: Adelard, wewe unasemaje? Swali hilo nimelisubiri miaka kumi na sita. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyokuja ni kwamba ngoja kwanza tumsikie Bi Mwanaheri.

Bi Mwanaheri, shikamoo, na ahsante kwa yote, pamoja na yale uliyoyanyamazia. Wafanyakazi wote wa Sindano Njema tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wasikivu huko Temeke. Pumzika kwa raha. Ila Jumanne, nakuomba mama, simu usiizime.