Bi Khairiya wa Kituoni na Daraja la Vijiji Viwili

Wasikilizaji wapendwa, salamu zetu ziwafikie mlipo, barazani au jikoni. Leo tunamkumbuka Bi Khairiya binti Awadh, mwenye duka la kituoni. Alifariki Jumatatu, akazikwa Jumanne.

Mnaosafiri njia ya Bagamoyo mnapajua. Ukishaipita Kawe, mbele kidogo, gari husimama penye duka la bati lenye baraza pana. Kituo hakina kibao. Utingo huita tu, "Kwa Khairiya," na wa kushuka hushuka.

Upande wa bahari ni kijiji cha Kigongoni. Upande wa bara ni Mtambani. Nyuma ya duka yako magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya mawe, na makaburi hayo ndiyo yaliyowagombanisha. Kigongoni walisema waliolala pale ni babu zao. Mtambani nao walisema ni babu zao. Ikafika mahali hawaalikani harusi wala hawazikani. Walikutana dukani tu, na hata hapo kila kijiji kilikuwa na upande wake wa baraza.

Bi Khairiya alikuwa mgeni kwao. Alizaliwa Kurasini, akaja pale kama bibi harusi. Mumewe hakukaa sana duniani. Alimwachia duka na binti mmoja, Badriya.

Sasa, wasikilizaji, tuingie mwaka 1947. Masika ya mwaka ule mto ulilichukua daraja la magogo, upande wa mjini. Mwenye basi akasema gari lake haliwezi kuvuka. Kigongoni wakasema, "Daraja liko ardhi ya Mtambani, walijenge wao." Mtambani wakajibu, "Wapitao sana ni Kigongoni na samaki wao." Basi likawa linageuzia ng'ambo, na daraja likabaki maneno.

Asubuhi moja Bi Mwajabu wa Mtambani alimleta binti yake, Tabu, amebebwa juu ya kitanda. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Walitaka kumfikisha hospitali mjini. Walifika mtoni, wakakuta maji yamejaa, hakuna pa kukanyaga. Wakarudi naye barazani kwa Bi Khairiya. Tabu alifia pale, na mtoto tumboni. Bi Khairiya alikuwa amemshika mkono.

Walipomaliza kuzika, Bi Khairiya alifunga duka. Watu wakaja kutaka mafuta ya taa, chumvi, sukari. Aliwajibu kupitia dirishani, "Duka litafunguliwa basi likivuka."

Walikasirika. Shemeji yake, Hamoud, alikuja kumsihi.

"Shemeji, biashara haifungwi kwa hasira. Utakula nini?"

"Nitakula watakachokula wao," akasema. "Baraza hii sitaki ilaze maiti mwingine."

Badriya ametuambia hivi: "Mama alikuwa anaogopa. Nilikuwa namsikia akitembea chumbani. Lakini asubuhi hafungui."

Mafuta ya taa yakaisha, na giza la nyumbani likafanya kazi ambayo maneno yalishindwa. Siku moja Kigongoni walishuka mtoni na majembe, wakawakuta Mtambani wameshafika. Hawakusalimiana, wakaanza kazi. Magogo yalipatikana, lakini kingo zilitaka mawe. Nassibu, mwashi wa Kigongoni, akasema, "Mawe yaliyochongwa yapo karibu tu, pale magofuni. Tuyachukue, tumalize."

Kazi ikasimama. Mzee Marijani, mkubwa wa Kigongoni, akaweka jembe chini.

"Yale hayaguswi."

Bi Mwajabu, aliyekuwa amewaletea uji, akasema, "Hapo umesema, Marijani. Hayaguswi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza vijiji viwili kukubaliana kwa miaka mingi. Mawe wakayabeba kichwani kutoka ufukweni, pamoja. Basi lilipovuka, Bi Khairiya alifungua mlango, akaanza kupima chumvi.

Wasikilizaji wapendwa, hatusemi kwamba ugomvi wa makaburi uliisha. Haukuisha. Lakini Jumanne hii asubuhi, siku ya mazishi, Badriya alitoka nje akakuta makaburi mawili yamechimbwa. Kigongoni wamechimba lao, Mtambani wamechimba lao, kila kijiji kikisema Bi Khairiya ni wao.

Badriya alimpeleka mama yake Mtambani, akamlaza karibu na Tabu. Kigongoni hawakubisha. Ila kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Walikata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika. Kisha vijiji vyote viwili vikasimama hapo, vikasoma dua mara ya pili.

Tunawapa pole Badriya, Bwana Hamoud na jamaa wote wa marehemu. Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti. Nanyi mnaotusikiliza, mtazameni jirani msiyesemezana naye, mjiulize ni nani anayeumia wakati nyie mnanuniana.